Umeipenda riwaya? Onesha ukurasa

Mtu akishamaliza riwaya, neno la kwanza linalomtoka ni "kitabu kizuri sana hiki." La pili ni "kuna msichana mmoja, sasa baba yake..." na kuanzia hapo anasimulia mpaka mwisho. Ambaye hajaisoma keshamalizwa utamu, na aliyeisoma hajapata jipya. Sisi tunaokutana hapa Dar es Salaam kubadilishana maoni juu ya tulivyosoma tunaliona hili kila mara mgeni anapojiunga, na sababu yake tunaijua: ni shule.

Sekondari ilitufundisha riwaya kwa mafungu mawili, fani na maudhui. Maudhui ni dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Fani ni muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mtihani ukauliza "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma", nawe ukatoa hoja tatu tatu kwa kila kitabu. Mfumo huo una kazi yake, kwa sababu unamzoesha mwanafunzi kuangalia kitabu pande zote. Shida yake ni kwamba hoja zile zinaweza kuandikwa na mtu ambaye kitabu chenyewe hajakishika, kasoma tu kijitabu cha uchambuzi kilichouzwa karibu na stendi. Ukiambiwa kuwa riwaya fulani inahusu ukombozi wa mwanamke na athari za ukoloni, hujajua bado kama inasomeka, kama inakukaa rohoni, wala kama utaiacha ukurasa wa 40.

Dawa tuliyoikubali ni nyepesi. Kila anayetoa maoni aje na ukurasa mmoja. Auchague mwenyewe, ausome kwa sauti, halafu aseme ukurasa ule unafanya nini. Mengine yote yajengwe juu ya hapo.

Nusu ukurasa inatosha. Kwa chapa ya kawaida ya riwaya zetu hiyo ni maneno kama 150, na kuisoma bila haraka ni dakika moja na ushei. Dakika mbili za kwanza mwambie msikilizaji mambo matatu tu: hadithi iko wapi na lini, nani yuko katikati yake, na huyo mtu anataka nini. Usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Kisha soma kipande chako. Halafu tumia dakika mbili za mwisho kutoa hukumu yako na kumtaja msomaji unayedhani kitamfaa. Watu kumi kwa dakika tano tano ni chini ya saa moja, na mkianza baada ya alasiri mnapata nafasi ya kubishana kabla ya magharibi, watu hawajaanza kuwazia foleni ya kurudi Mbagala au Tegeta.

Ukurasa wa kuleta hautafutwi usiku wa kuamkia mkutano. Unatiwa alama wakati wa kusoma. Kata karatasi vipande vyembamba, vitano au sita, uviweke nyuma ya kitabu. Ukifika mahali uliposimama, ukacheka, ukakasirika, au ukarudia sentensi, chomeka kipande na uandike juu yake maneno mawili matatu: "mama ananyamaza", "bahari tena", "siamini hapa". Maneno hayo ni muhimu kuliko karatasi yenyewe, maana baada ya wiki utaona alama na hutakumbuka ilikuwa ya nini. Ukimaliza kitabu utakuta alama nyingi zimejirundika kwenye jambo moja, na hilo jambo ndilo maoni yako. Ambaye hana alama hata moja kwenye kurasa 200 naye ana la kusema: kitabu kimepita bila kumgusa, aanze kutafuta kwa nini.

Andika sura pamoja na namba ya ukurasa. Riwaya zetu kongwe zimechapwa mara nyingi na wachapaji tofauti, kurasa hazilingani, na nusu ya muda wa kikao inaweza kuisha watu wakiulizana "kwako ni ukurasa wa ngapi?" Namba ya sura haihamihami.

Tuchukue mfano. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, inasomwa sana, na filamu iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 imeirudisha kwa vijana. Maoni yanayotolewa mara nyingi juu yake ni kwamba inazungumzia ndoa ya kulazimishwa na harakati za uhuru Zanzibar. Ni kweli, lakini ukiishia hapo hujasema kwa nini mtu asiyejali siasa anaimaliza kwa siku tatu. Yasmin ni binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anamkimbia. Anaangukia kwa Mwajuma, anaingia katika maisha ya uswahilini na ya usiku, na huko ndiko anakokutana na Denge, ambaye anasakwa na polisi wa mkoloni. Tazama mpango huo. Mwandishi hatuhutubii siasa mlangoni. Anatufanya kwanza tumpende Yasmin, tumwogopee, ndipo anamweka Denge mbele yake. Kuanzia hapo kila Inspekta Wright na Koplo Matata wanapokaribia mlango, anayeshikwa na hofu ni sisi. Siasa imeingia kwa njia ya mapenzi, na msomaji hakuona mlango ukifunguliwa. Ukurasa wa kuleta kikaoni ni mmojawapo wa zile ambazo polisi na mapenzi vinagongana chumba kimoja. Ziko kadhaa. Mimi nazihesabu kuwa sehemu bora kuliko zile ambazo wanaharakati wanajadiliana wao kwa wao, ambako mazungumzo wakati mwingine yanakuwa marefu kuliko yanavyobebwa na tukio. Hilo nalo lisemwe. Riwaya kubwa haivunjiki kwa kuambiwa mahali ilipolegea.

Na hapo hatujasema mwisho wake, wala Yasmin anaishia kwa nani.

Kuhusu miisho tuna kanuni moja. Kama kitabu kinategemea swali la "nani kafanya", nusu ya pili haiguswi kabisa. Riwaya za upelelezi tunazo za kutosha: Bwana Msa na kiko chake, wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960; Willy Gamba wa Elvis Musiba; Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kuzitolea maoni bila kumtaja mhalifu kunawezekana, na kipimo kipo. Ukishajua jibu, rudi sura tatu za mwanzo uangalie kama dalili ilikuwepo. Kama ilikuwepo na ukaipita, mwandishi kakushinda kihalali, mpe haki yake. Kama mhalifu ni mtu aliyeletwa kurasa kumi kabla ya mwisho, au ushahidi ulifichwa mfukoni mwa mpelelezi msomaji asiuone, hilo ni kosa la ufundi, na unaweza kulisema waziwazi bila kuharibu chochote: "jibu halikuandaliwa." Wasomaji wazoefu watakuelewa.

Kwa Willy Gamba na Joram Kiango kipimo kinabadilika kidogo, maana zile ni mbio zaidi kuliko fumbo. Hapo tunauliza kama kila sura inaisha kwa kukusukuma ufungue inayofuata, na kama hatari inapanda au inarudiarudia. Wapo wanaozidharau kwa kuwa "hazina mafunzo." Sikubaliani nao hata kidogo. Kuwafanya maelfu ya watu wasome Kiswahili kwa hiari, kwenye basi, kwa pesa yao wenyewe, ni kazi ya ufundi, na ufundi unachambulika.

Kulinganisha vitabu viwili ndiko kunakotoa mabishano mazuri kuliko yote, ila viwili hivyo viwe na jambo moja linalofanana sawasawa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, ni jozi tunayoirudia. Kote kuna baba anayembana binti. Zakaria wa kule Namagondo, Ukerewe, ni mlevi asiye na kitu, na ukali wake kwa Rosa unalipuka kwa kipigo kwa ajili ya barua ya mvulana. Bwana Maksuudi ni tajiri anayeheshimika nje, anayemfungia Maimuna ndani huku yeye mwenyewe akifanya anayoyafanya. Mabinti wote wawili wakipata upenyo wanakwenda mbali kuliko baba zao walivyoogopa. Sasa ukimwacha kila msomaji aseme lawama imwangukie nani, kikao kinagawanyika, na mara nyingi kinagawanyika kwa umri. Wazazi wanawatetea akina baba kwa nusu mdomo. Vijana hawawataki kuwasikia.

Kazi ya anayeongoza ni kuwarudisha watu kwenye maandishi. Mwandishi amemweka baba wapi? Anamwonesha kwa macho ya nani? Je, binti anapewa nafasi ya kuwaza, au tunamwona tu akitenda? Kwa maoni yangu Kezilahabi anamkatili msomaji zaidi, kwa sababu anakimbiza matukio na hampi mtu pa kupumzikia. Said Ahmed Mohamed anaipa jamii nzima muda wa kuonekana, kuanzia watumishi hadi majirani, ndiyo maana kosa la Maksuudi linaonekana kuwa la mji mzima. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na wazee wengine wanaifungua hadi leo wakiwa wamejiandaa kukasirika. Mzee wa namna hiyo usimbishie kwa nadharia. Mwamkie, mwombe aoneshe mahali palipomkera, asome kwa sauti. Mara nyingi akimaliza kusoma anakuwa na la kusema lililo bora kuliko hasira.

Kosa jingine linaloharibu kikao ni kumhukumu mwandishi kwa maneno ya mhusika. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi, 1975, Tumaini aliyetajirika kwa kilimo anagongana na siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mtu atasimama aseme Kezilahabi alikuwa anapinga Ujamaa. Mwingine atasema alikuwa anautetea, maana angalia yanayomkuta Tumaini. Wote wawili wana kurasa za kuonesha. Jambo la kufanya ni kutenganisha sauti tatu: anachosema Tumaini, anachosema msimulizi, na anachokuachia mpangilio wa matukio. Zikipingana, na katika kitabu hiki zinapingana, usijaribu kuzipatanisha kwa nguvu. Mpingano wenyewe ndio uhai wa riwaya ile.

Halafu kuna suala la historia. Kuli ya Adam Shafi, 1979, inatupeleka bandarini Zanzibar na kwenye mgomo wa mwaka 1948. Wasomaji wa hapa huuliza mara moja habari za bandari yao, na ni swali zuri: makuli wa Dar es Salaam waligoma 1947, na mgomo ule ukasambaa kufuata reli kwenda bara. Kujua hivyo kunampa msomaji mizani. Hata hivyo Rashidi, kuli aliye katikati ya riwaya, ni mtu wa kubuniwa, na kitabu hakifaulu wala hakianguki kwa kulingana na kumbukumbu za serikali. Kinafaulu kama uzito wa mzigo unausikia begani kwako. Leta ukurasa wenye kazi, watu wakibeba na kutweta, uone kama lugha inabeba pamoja nao. Kwangu mimi inabeba.

Tafsiri zina utaratibu wake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa hapa Dar es Salaam wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya iliyotoka kwanza 1994. Yusuf yumo katika mwaka wake wa kumi na mbili anapochukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu baba yake anadaiwa. Maoni juu ya kitabu kama hiki yana vichwa viwili, riwaya na Kiswahili chake, na lazima useme unahukumu kipi. Anayesema "imenichosha" aseme kama ni safari ndefu za msafara zilizomchosha, ambazo ni za Gurnah, au ni sentensi. Kuhusu sentensi, njia ya kupima ni kusoma mazungumzo kwa sauti, watu wawili, mmoja akiwa Yusuf. Mazungumzo yakitoka mdomoni kama ya watu wa pwani, mtafsiri kafanya kazi. Peponi inapita mtihani huo vizuri. Kuna mahali unasahau kabisa kwamba kitabu hiki kiliwahi kuwa cha lugha nyingine.

Niseme kidogo kuhusu kununua, maana maoni mabaya mengine yanatokana na nakala mbovu. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, kila mkunjo kurasa 16 au 32. Kosa likitokea kiwandani, au nakala ikiwa imedurufiwa kimagendo, mkunjo mzima unakosekana au unajirudia: unasoma hadi ukurasa wa 48 unajikuta umerudi wa 33. Kabla ya kulipa, iwe ni duka la Barabara ya Samora au vitabu vilivyopangwa kwenye turubai kando ya njia, pitisha kidole gumba kwenye kona za chini uangalie namba, kwa makini zaidi kila baada ya kurasa 16. Angalia pia ukurasa wa mwisho kama hadithi inaishia na nukta. Kuna watu wamebishana kwa ukali kuhusu mwisho "usioeleweka" wa riwaya ambayo nakala yao imekatika. Kama bei inasumbua, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina riwaya kongwe ambazo madukani hazipatikani tena.

Siku hizi sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili zinasomwa kwenye simu. Mwandishi anatoa sehemu ya 1 hadi ya 5 bure, kisha anaomba malipo kwa njia ya simu, nawe unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambako zinashuka moja moja kila jioni. Tumeamua kuzijadili kama tunavyojadili vitabu vingine, maana huko ndiko waliko wasomaji wengi na waandishi wenye njaa ya kazi. Ila zinahitaji kusomwa kwa jicho jingine. Kila sehemu lazima iishie pabaya ili urudi kesho, kwa hiyo ukizisoma 60 mfululizo utaona mlango umegongwa ghafla mara 20 na simu imeita usiku wa manane mara 15. Usilihesabu hilo kama ungelihesabu kwenye kitabu. Hesabu mwendelezo. Jina la shangazi ni lilelile sehemu ya 8 na ya 45? Mimba imekaa miezi mingapi? Mtu aliyesafiri kwenda Mwanza alirudi lini? Mwandishi anayeandika kila siku bila mhariri huteleza hapo, na ni msaada mkubwa kwake kuandikiwa kwa heshima, faraghani, sehemu fulani na fulani hazipatani. Wengi hurekebisha kabla ya kukusanya hadithi kuwa kitabu.

Heshima inahitajika hata kwa waliochapwa, kwa sababu mji huu kwa upande wa vitabu ni mdogo. Unayemsema anaweza kuwa amekaa safu ya nyuma, au mdogo wake. Heshima haina maana ya kusifia. Ina maana ya kutaja mahali: "kuanzia sura ya saba nilianza kuruka kurasa, kwa sababu mhusika mkuu anaacha kuamua mambo na kila kitu kinamtokea tu." Sentensi hiyo mwandishi anaweza kuondoka nayo na kuifanyia kazi. "Kitabu hakina mvuto" haimfikishi popote.

Ukiulizwa uanze na kipi, na tunaulizwa sana, jibu linategemea unatoka wapi. Uliyeacha kusoma tangu Kidato cha Nne, chukua Kuli. Inakwenda mbele bila kusimama. Unayependa mapenzi na mji, Vuta N'kuvute. Unayesema riwaya za Kiswahili ni nyepesi, nenda moja kwa moja kwa Kezilahabi wa mwisho, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991. Ni vitabu vyembamba vinavyowashinda wengi kwa sababu wanatafuta kisa kinachoanza hapa na kuishia pale. Nagona isome kwa mkao mmoja, jioni moja, kwa sauti kama unaweza, bila kusimama kuuliza kila kitu kina maana gani. Siku ya pili isome tena na penseli. Mara hii weka alama kila kitu kinachojirudia, kisha uje na ukurasa wako. Kwa kitabu hiki, hakuna watu wawili wanaoleta ukurasa mmoja.